NHIF, bima ya kampuni binafsi au kulipa bili wenyewe: kliniki ndogo ya meno Arusha na Moshi ichague ipi?

Kliniki nyingi za meno za Arusha na Moshi ni za watu sita hadi kumi: daktari mwenye kliniki, daktari mmoja wa kuajiriwa, tabibu wa kinywa na meno, fundi sanifu, wasaidizi wa kwenye kiti, dada wa mapokezi na mama wa usafi. Watu hawa wanashika kadi za bima kutwa nzima. Wanahakiki kadi, wanajaza fomu, wanasubiri madai yalipwe, na wameshaona mara ngapi mgonjwa asiye na kadi akiomba jino ling'olewe kwa sababu hela ya kuliziba haipo. Halafu mtoto wa mama wa usafi akilazwa kwa nimonia, linatolewa daftari na kila mtu anaandika jina lake na kiasi atakachochanga. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nafanya hesabu za mishahara za kliniki ndogo huku kaskazini na ninajua kwamba nyingi zingeweza kuwapa watu wao bima bila kuyumba.

Kinachowakwamisha wenye kliniki, mara nyingi, ni kutojua waanzie wapi. Mmoja amepigiwa simu na wakala wa kampuni binafsi, mwingine amesikia kuwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni ya watumishi wa serikali tu, wa tatu anasema "mtu akiumwa nitamlipia." Nitaziweka njia hizi bega kwa bega. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: kwa kliniki ya ukubwa huu, NHIF iwe msingi wa kila mtu, bima binafsi iwe nyongeza pale tu hesabu inapoiruhusu, na kiasi kidogo cha fedha kitengwe kwa yale ambayo bima hailipi.

Asilimia ya mshahara dhidi ya bei kwa kichwa

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye namna bei inavyopangwa, na hiyo wakala hakuelezi.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, kisha milango ikafunguliwa kwa sekta binafsi. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, kwa kawaida 3 za mwajiri na 3 za mfanyakazi. Kwa mchango huo anaingia mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, wakiwemo watoto na wazazi. Mchango haupandi kwa sababu mtu ana familia kubwa, wala kwa sababu mmoja wao ana sukari.

Kampuni binafsi inatoza kwa kichwa. Kwa lugha yao M ni mwanachama peke yake, M+1 ni yeye na mtegemezi mmoja, M+2, M+3 na kuendelea. Mshahara hauwahusu. Daktari na mama wa usafi wakiwa kwenye daraja moja la bima, bei ni ileile.

Tuchukue kliniki ya mfano yenye waajiriwa saba na jumla ya mishahara ya shilingi 5,000,000 kwa mwezi. Kwa upande wa bima binafsi naweka bei ya mfano tu, shilingi 600,000 kwa mtu kwa mwaka, ili hesabu iwe rahisi kufuata. Wewe weka bei utakayopewa, na kumbuka kuwa kampuni hushusha kidogo kadiri familia inavyokuwa kubwa.

| Mfanyakazi na familia yake | Mshahara kwa mwezi | NHIF kwa mwaka, familia nzima | Binafsi kwa mwaka, familia nzima |
|---|---|---|---|
| Daktari, hajaoa (mtu 1) | 1,800,000 | 1,296,000 | 600,000 |
| Tabibu, mke na watoto 2 (watu 4) | 900,000 | 648,000 | 2,400,000 |
| Fundi sanifu, mume na mtoto (watu 3) | 700,000 | 504,000 | 1,800,000 |
| Msaidizi wa kwanza, mtoto na mama mzazi (watu 3) | 450,000 | 324,000 | 1,800,000 |
| Msaidizi wa pili, hana familia (mtu 1) | 450,000 | 324,000 | 600,000 |
| Mapokezi, mume na watoto 2 (watu 4) | 400,000 | 288,000 | 2,400,000 |
| Usafi, watoto 3 na mama mzazi (watu 5) | 300,000 | 216,000 | 3,000,000 |
| Jumla (watu 21) | 5,000,000 | 3,600,000 | 12,600,000 |

Safu ya NHIF ni mchango wote. Nusu yake ni makato ya wafanyakazi, kwa hiyo kliniki yenyewe inatoa 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Kliniki nyingi hutumia zaidi ya hapo kwenye dizeli ya jenereta umeme unapokatika sana.

Mtazame mama wa usafi. Anakatwa 9,000 kwa mwezi, mwajiri anaongeza 9,000, na watu watano wana kadi. Ni 43,200 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Hakuna kampuni binafsi itakayokaribia hapo, na siwalaumu, kwa sababu wao hawana mshahara wa daktari wa kufidia pengo hilo.

Daktari ambaye hajaoa yuko upande wa pili. Mchango wake na wa mwajiri kwa pamoja ni zaidi ya mara mbili ya bei ya binafsi kwa kadi ya mtu mmoja. Kwa bei yetu ya mfano, mtu asiye na mtegemezi anaanza "kupata hasara" NHIF mshahara wake ukizidi kama 833,000. Usimfiche hilo, maana atalipiga hesabu mwenyewe. Mweleze kwamba siku akioa na kupata mtoto mambo yanageuka: watu watatu kwa bei ya binafsi ni 1,800,000, na NHIF anabaki palepale 1,296,000.

Wenye kliniki wengi hujaribu kukwepa hesabu hii kwa kuwakatia bima binafsi wafanyakazi peke yao, M bila nyongeza. Kwa kliniki yetu ni 4,200,000, zaidi ya mchango wote wa NHIF, na watu 14 wa nyumbani wanabaki nje.

"Daktari, na mama je?"

Nilikaa kwenye kikao cha kliniki moja ya Moshi, Jumamosi jioni baada ya mgonjwa wa mwisho. Daktari alikuwa ameleta vipeperushi vya kampuni binafsi, vizuri, vya rangi, akaeleza kikomo cha kulazwa na cha wagonjwa wa nje. Watu wakaitikia kwa vichwa. Msaidizi mmoja akasubiri amalize, kisha akauliza taratibu:

"Daktari, na mama je?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Rombo, Mkuu. Ana presha na sukari."

Daktari akageuza kipeperushi upande wa pili. Wazazi hawakuwamo. Wategemezi walikuwa mwenza na watoto, basi. Dada yule akashukuru kwa heshima na hakuuliza tena, lakini kila aliyekuwa pale alielewa kwamba bima iliyokuwa inajadiliwa haikugusa gharama yake ya kila mwezi: dawa za mama, nauli ya kumpeleka kliniki, na kipimo kinachoandikwa kila akifika.

Huku kwetu hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Vijana wako mjini, wazazi wamebaki kihambani Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, au wako Meru na Monduli. Mshahara wa mjini ndio unaonunua dawa za mlimani. Kampuni binafsi nyingi hazipokei wazazi kwenye bima ya kundi la kawaida, na zinazopokea huwa na ukomo wa umri wa kuingia na bei ya juu. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya mtu yeyote, chukua karatasi, andika jina la kila mfanyakazi, na mbele yake andika watu anaowatibia kwa hela yake sasa hivi. Ukiona wazazi ni wengi kwenye orodha, sehemu kubwa ya uamuzi umeshaufanya.

Muda wa kusubiri nao uangalie kwa makini. Bima binafsi za vikundi vidogo mara nyingi huweka miezi kadhaa kabla ya kulipia uzazi, na ugonjwa ambao mtu aliingia nao ama haulipiwi mwaka wa kwanza, ama umewekewa kikomo chake kidogo. Kundi la watu 200 huweza kujadiliana masharti hayo yakaondolewa. Kundi la watu saba halina nguvu hiyo.

Kadi itafanya kazi hospitali gani?

Hapa bima binafsi ina sifa zake na ni haki kuzisema. Daraja zuri la kampuni kama Jubilee, Strategis au Assemble linamwingiza mtu kwenye hospitali binafsi, foleni ni fupi, na daktari bingwa anaonekana bila kupanda ngazi za rufaa. Baadhi ya madaraja yanavuka mpaka. Kwa mtu wa Arusha hilo lina uzito ambao mtu wa Dar es Salaam hauoni: Nairobi iko karibu kuliko Dar, unapita Namanga asubuhi na mchana umeshafika.

Lakini orodha ya hospitali isomwe kwa macho ya wafanyakazi wako. Uliza kwa majina. Arusha: hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru, ALMC, St. Elizabeth, Selian kule Ngaramtoni. Moshi: KCMC, Mawenzi, St. Joseph, Kibosho. Kisha uliza za milimani, Machame, Kilema, Huruma ya Rombo, kwa sababu mwezi Desemba nusu ya kliniki itakuwa nyumbani, na mtoto hachagui pa kuugulia. Kadi nzuri ya mjini isiyosomeka Mkuu Rombo tarehe 26 Desemba haimsaidii mzazi aliyebeba mtoto usiku. Kwa mtandao wa hospitali za serikali na za mashirika ya dini, NHIF iko mbele kwa mbali, na KCMC, ambayo imekuwa ikitibu watu wa kaskazini tangu 1971, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda hii. Ugonjwa mkubwa wa mfanyakazi wako, uwezekano mkubwa utaishia pale, awe na kadi ya aina yoyote.

NHIF ina udhaifu wake, na sisi tunaofanya kazi na kliniki tunaufahamu kutoka ndani. Tarehe 1 Machi 2024 mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake. Hospitali binafsi kadhaa, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zikasimamisha huduma kwa wanachama wake kwa kusema bei mpya hazitoshi. Mazungumzo yalifanyika na huduma zikarudi, lakini kwa siku zile mtu aliyezoea hospitali binafsi alijikuta getini na kadi isiyopokelewa. Hospitali za serikali ziliendelea kupokea. Kwa hiyo mwanachama wa NHIF ajue hospitali yake ya serikali au ya dini kabla hajaumwa, asitegemee binafsi pekee. Foleni ndefu ipo. Dawa kukosekana dirishani ipo, na mgonjwa kuambiwa akanunue nje ipo. Sitaki mtu aingie NHIF akidhani ameingia peponi.

Kinachonifanya nibaki upande wake ni magonjwa mazito. Figo zikifeli, mtu anasafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, wiki zote za mwaka. Kwenye bima binafsi gharama hiyo inakula kikomo cha mwaka, na kikiisha familia inarudi kwenye daftari la michango. Halafu mwaka unaisha. Kampuni inatazama madai ya kundi lako, inaona watu saba walilipa kiasi hiki na mmoja peke yake ametumia mara tatu yake, na bei ya mwaka unaofuata inapaa. Nimeiona kliniki ndogo ikiletewa bei mpya ambayo hakuna aliyeweza kuilipa, na kila mtu kazini alijua ni kwa ajili ya ugonjwa wa nani. Ni aibu isiyomstahili mgonjwa. Kwenye mfuko wa mamilioni ya watu, mgonjwa mmoja wa Moshi hapandishi mchango wa wenzake.

Ukiamua kwenda binafsi pamoja na hayo, tafuta kundi kubwa la kujiunga nalo. Kliniki tano au sita zikienda pamoja, au kupitia chama cha kitaaluma, zinapata bei na masharti ambayo kliniki moja haiwezi kupewa. Mtumie dalali wa bima aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Dalali analipwa kamisheni na kampuni, kwa hiyo mwombe akuletee bei za kampuni zaidi ya moja kwa maandishi, si ile anayoipenda yeye.

Meno kwa watu wa meno

Hili ni letu peke yetu. Bima binafsi huuza fao la meno kama nyongeza yenye kikomo chake, na ukinunua daraja zima mara nyingi unalikuta ndani. Wafanyakazi wako wanatibiwa meno hapohapo kazini. Kwa nini ulipie? Mwambie dalali aliondoe fao hilo na akuonyeshe bei bila meno, au fedha hiyo ihamishiwe kwenye macho na fiziotherapia. Watu wa kazi hii wanainama juu ya kiti saa nyingi, shingo na kiuno ndivyo vinavyowaangusha, na macho yanachoka kwa kutazama kitu kidogo chini ya taa kali.

Sambamba na hilo, weka mipaka. Kama kliniki yako ni mtoa huduma wa bima ileile wanayotumia wafanyakazi wako, usiwajazie madai kienyeji. Dai la mfanyakazi lililosainiwa na mwajiri wake, kwa matibabu yaliyofanyika kwenye kiti cha mwajiri huyohuyo, ndilo wakaguzi hulitazama kwanza. Watibu watu wako bure au kwa gharama ya vifaa, iandike iwe sera ya kliniki, na uiache kadi yao kwa ajili ya hospitali.

Sindano ikimchoma msaidizi

Wenye kliniki huchanganya hili na bima ya afya. Msaidizi akichomwa na sindano iliyotoka mdomoni mwa mgonjwa, hiyo ni ajali ya kazini, na mahali pake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia kwa sheria. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Bima ya afya, iwe NHIF au binafsi, haichukui nafasi ya WCF, na wakala akikuambia "hii inafunika kila kitu" mwulize hapohapo kuhusu ajali za kazini.

Vilevile chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu ndani ya miezi sita, usingoje bima ikulipie. Chanja kila anayegusa vyombo, na mama wa usafi awe wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayebeba boksi la sindano. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, kwa hiyo bandika ukutani jina la kituo cha kukimbilia usiku na siku za sikukuu. Hapa ndipo pa kutumia kile kiasi kidogo nilichosema ukitenge.

Kulipa bili wenyewe, na SHIB ya NSSF

"Mtu akiumwa nitamlipia" ni kauli ya moyo mwema, na kwa malaria au kidonda inatosha. Zipo kliniki zilizokubaliana na hospitali ya jirani: mfanyakazi anaenda na barua, bili inakuja mwisho wa mwezi. Hesabu za mwaka wa kawaida zinaonekana nafuu kuliko bima zote. Tatizo ni mwaka usio wa kawaida. Upasuaji mmoja wa uzazi wenye matatizo na mtoto kukaa chumba cha joto wiki mbili unaweza kumeza akiba ya miaka, na kama ni mwezi Januari, wagonjwa wako nao wako kwenye ada za shule, kiti kiko kitupu. Hapo mwajiri anaanza kupima nani alipiwe na nani asaidiwe nusu. Mfanyakazi anaanza kuficha ugonjwa ili asionekane mzigo. Siipendekezi kama njia kuu, hata kwa kliniki ya watu watatu.

SHIB ni fao la matibabu la NSSF. Linatokana na michango ileile ya asilimia 20 unayopeleka, bila makato mapya, na mwanachama anajisajili kwenye hospitali anayoichagua pamoja na mwenza na watoto hadi wanne. Wazazi hawamo, na kubanwa kwenye hospitali moja kunamsumbua mtu ambaye familia yake iko mbali na kazi. Ni bora kuliko kukosa kabisa, na wafanyakazi wengi hawalijui, lakini ulizia NSSF kama bado linapokea wanachama kabla ya kulitegemea.

Sheria inakuelekeza wapi

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeliondoa suala hili kwenye hiari ya mwajiri wa sekta rasmi: mwajiriwa aandikishwe kwenye bima, mchango ni asilimia 6, na mwajiri atoe angalau nusu. Sheria inatambua skimu za umma na za binafsi. Kwa hiyo mwajiri anayepiga hesabu leo asilinganishe bima na kutokuwa na bima, kwa kuwa chaguo hilo la pili halipo tena.

Mambo mawili ya kihasibu yanaokoa usumbufu. La kwanza ni kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inayaacha nje ya kodi ya mshahara matibabu na bima ya matibabu anayolipia mwajiri kwa mfanyakazi, mwenza wake na watoto hadi wanne, mradi wafanyakazi wanapewa bila ubaguzi. Ukimkatia daktari bima ya daraja la juu na mapokezi ukawaacha, fao lile la daktari linaweza kuhesabiwa kuwa kipato na kukatwa kodi. La pili ni makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukata mshahara ila kwa sheria au kwa makubaliano ya maandishi. Ukitaka wafanyakazi wachangie bima binafsi, kila mmoja asaini kwanza.

Na bima hailipi mshahara wa mgonjwa. Ruhusa ya ugonjwa inabaki mzigo wako: siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu.

Ningebadili ushauri lini

Kliniki ikiwa na madaktari bingwa watatu wanaolipwa vizuri, vijana, wasio na wategemezi, na msaidizi mmoja tu, bima binafsi inaanza kuwa na maana, hasa wakiwa Arusha mjini na wanasafiri. Kliniki yenye bingwa kutoka nje ya nchi itahitaji bima inayovuka mpaka kwa ajili yake. Na kliniki inayofanya vizuri kifedha inaweza kufanya yote mawili: NHIF kwa wote, kisha bima binafsi ya kulazwa tu, bila wagonjwa wa nje. Fao la wagonjwa wa nje hutumika mara nyingi zaidi na hupandisha bei sana, kwa hiyo ukiliondoa bei inashuka kwa kiasi kikubwa. Huo ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote kwa kliniki iliyokwisha kukomaa. Lakini mama wa usafi awemo kwenye hiyo nyongeza pia, kwa sababu ile ya kodi na kwa sababu ya utu.

Ukiwa umeamua NHIF, kinachochelewesha watu si fomu ya mwajiri. Ni vyeti. Kila mtegemezi anatakiwa awe na uthibitisho: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba za NIDA za watu wazima, na kwa wazazi cheti cha kuzaliwa cha mfanyakazi mwenyewe kinachoonyesha jina la mzazi sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho. Hapo ndipo "Anna" wa cheti anagombana na "Ana" wa NIDA. Mtoto aliyezaliwa nyumbani bila kuandikishwa anahitaji kupita RITA kwanza. Mpe kila mfanyakazi orodha hiyo leo, mpe na nusu siku ya kwenda kufuatilia bila kumkata, na aliyekamilisha aandikishwe bila kusubiri wenzake. Mtegemezi aliyebaki ataongezwa karatasi zake zikipatikana.